Mama Mkwe Hakoromi

Jumatatu, tarehe 8 Aprili. Mawingu mazito tangu alfajiri, hewa imesimama kama maji ya dimbwi, mvua yenyewe haikunyesha. Hadi alasiri mashuka yaliyoanikwa juu ya paa la hospitali yalikuwa bado na unyevu, na dobi alimlaumu Mungu na mganga mkuu kwa pamoja.

Siku hiyo mama mkwe wa Mama Pumzi alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kesho yake angepasuliwa kutolewa mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Mama Pumzi ni muuguzi wa chumba cha kuamkia, pale wanapoletwa wagonjwa waliotoka kupasuliwa, nusu kaputi ikiwa bado haijawaachia sawasawa. Kazi yake iliyompa jina ni kujua mapema nani akiamka atatosheka na hewa hii ya bure tunayovuta sote, na nani atahitaji mtungi wa oksijeni. Lazima ijulikane mapema kwa sababu hospitali yetu ina kila kitu isipokuwa vitu. Mitungi inakaa stoo, ng'ambo ya uwanja. Toroli la kuibebea lina gurudumu moja lililokwisha kustaafu, na mtunza stoo ana desturi ya kwenda kula akiwa na ufunguo mfukoni. Ukisubiri mgonjwa aishiwe pumzi ndipo uanze kumtafuta mtunza stoo, mtakutana mazishini.

Kwa hiyo siku moja kabla ya upasuaji, Mama Pumzi hupita kitanda hadi kitanda na vipande vya kitambaa mfukoni. Chekundu, kilichokatwa kwenye pazia kuukuu, maana yake mtungi usimame kichwani pa kitanda kabla mgonjwa hajafika. Cheupe, mtungi wa kushirikiana kule pembeni unatosha. Kijani, huyu atajipumulia mwenyewe, Mungu amsaidie. Anakifunga kwenye chuma cha miguuni, na kuanzia hapo wodi nzima inajua habari za mapafu yako.

Daktari wa usingizi, kijana mrefu mwenye adabu, ambaye husoma hadi vikaratasi vilivyomo ndani ya maboksi ya dawa, ana hesabu zake: umri, uzito, moyo, sigara, na mahali kisu kitakapopita. Kikipita juu ya kitovu, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu kwa maumivu, akawa anavuta vijipumzi vya kuazima. Mama Pumzi naye ana hesabu zake. Humpandisha mgonjwa ngazi za kwendea kwenye kamba za mashuka huku akimsimulia alivyokutana na mwenzi wake. Anayemaliza ngazi na hadithi kwa pamoja ana mapafu. Anayesimama katikati anatiliwa shaka, ingawa wapo waliosimama kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa ya kukata pumzi.

Halafu huuliza habari za kukoroma. Hamuulizi mgonjwa. Husema hajawahi kuona binadamu aliyejisikia akikoroma, kama ambavyo hajawahi kuona mlevi aliyejua kwamba amelewa. Anamuuliza anayelala karibu. Mwenye kukoroma koo lake hujibana usingizini, na ukimwongezea dawa za maumivu baada ya kupasuliwa, koo linajibana na ubongo unasahau kuliamsha. Aliwahi kuletewa mkuu wa polisi aliyeapa kwamba hakoromi hata kidogo. Mkewe alikuwa nyuma yake. Alichukua mto tu akajibana nao masikio yote mawili. Mkuu akafungiwa chekundu. Alipozinduka na barakoa usoni alidhani amekamatwa.

Si kwamba Mama Pumzi hakosei. Mcheza ngumi mmoja alifungiwa chekundu, akazinduka akiulizia chakula, na mtungi ukabaki umesimama pale kama mgeni aliyenyimwa kiti. Lakini yeye na daktari wakiweka hesabu zao pamoja, hukosea mara chache mno, hata watu wameacha kuwahoji.

Sasa turudi kwa mama mkwe.

Huyu ni mjane aliyelea watoto wanne kwa cherehani moja. Shingo yake ni fupi na nene, na maneno yake hayana nukta. Pia anakoroma. Anakoroma hadi vikombe vinasalimiana kabatini. Tangu Mama Pumzi aolewe amelala chumba kinachopakana na kile cha mama mkwe, pamba masikioni, na katika muda wote huo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulitamka jambo hilo. Ukuta ukianza kutetemeka, watu husema, "Mama anafikiri." Asubuhi huambiana, "Jana mama amefikiri sana." Mgeni akilala pale anaambiwa ni jenereta ya jirani. Jirani hana jenereta, na ndiyo sababu mojawapo ya yeye na mama mkwe kutosalimiana. Sababu nyingine ni ukuta wa uani.

Basi Jumatatu hiyo Mama Pumzi alifika kitanda cha dirishani. Mume wake, fundi wa redio, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimmenyea mama yake chungwa. Wanawake wa vitanda vingine waligeuza shingo. Kumwona muuguzi akimhoji mama wa mumewe ni sinema, na hii haikuwa na kiingilio.

"Haya, mkwe," mama mkwe akaanza yeye. "Nihoji na mimi kama unavyowahoji wenzangu. Usinipendelee."

"Sawa, mama. Tuanze na ngazi."

"Ngazi za nini? Nimekuja kutolewa mawe, sikuja kujenga ghorofa."

Wodi ikacheka. Mama Pumzi akacheka pia, akaruka kipengele.

"Basi, mama, mtu anayelala karibu na wewe ni nani?"

"Si wewe?"

Hapo walicheka hadi wenye mishono, wakajishika matumbo na kulia.

"Chumba cha pili unalala wewe na mwanangu," mama mkwe akaendelea, amekunja mikono. "Kwa hiyo shahidi umefika. Wasikie wote hawa. Mimi nakoroma?"

Mama Pumzi alimtazama mumewe. Mume wake ni mtu anayeweza kusikia spika yenye kasoro kutoka mtaa wa pili. Aliacha kumenya chungwa, akainua macho kwenye feni ya darini, ambayo nayo ilikuwa haifanyi kazi.

"Mama hakoromi," akasema fundi wa redio.

"Umesikia? Na hicho chekundu chako kipitishe mbali. Huyu dada wa kitanda cha pili umemfungia, tangu asubuhi wanamwita Treni."

"Hata sijali, mama," akasema Treni kutoka kitandani kwake.

"Mimi najali. Mkwe, nakwambia mbele ya mashahidi: ukinifungia kitambaa hicho nikachekwa na watu, mlango wa kwangu usiujue tena. Utakuwa mkwe wa picha."

Mama Pumzi aliingiza mkono mfukoni. Waliokuwa karibu wanasema mkono ulikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Ukatoka na kijani. Alikifunga kwa fundo jepesi, la kufunguka kwa kuvutwa tu, akajiambia kwamba alfajiri, wodi ikiwa imelala, atakuja akibadilishe, na maisha yataendelea na heshima itakuwa imehifadhiwa.

Jumanne alfajiri alikuja. Kitambaa hakikuwepo. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, amekwisha kuoga, na kitambaa cha kijani amekifunga kwenye kifundo cha mkono kwa fundo la kukata na kisu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Mimi nimekulia kwenye vitambaa, mwanangu. Fundo la uongo nalijua."

Machela ilipofika mlango wa chumba cha upasuaji, mwanawe akiwa ameshika mkono wa mama yake, daktari wa usingizi aliinama akaipima shingo ile kwa macho.

"Shingo hii inanipa mawazo," akasema. "Lakini naona kijani. Familia inasemaje?"

"Hakoromi," akasema mwana.

"Kabisa," akasema mama.

Daktari akamtazama Mama Pumzi. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe ni moja. Mtu mwenye uso wa kumwambia mkuu wa polisi kwamba anakoroma alisimama pale, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Mwangalie vizuri tu, dokta."

"Kwani wengine huwa nawaangalia vibaya?"

Mlango ukafungwa. Mama Pumzi akavuka uwanja mbio hadi stoo, akaomba mtungi mmoja wa ziada.

"Wa chekundu gani?" akauliza mtunza stoo.

"Hana chekundu. Ni wa tahadhari."

"Lori la mitungi halijafika wiki hii. Umebaki mmoja, na mtungi hautoki bila kitambaa chekundu. Sheria hiyo si umeileta wewe, sista? Ulinigombeza mwaka juzi mbele ya watu, nikakasirika wiki nzima."

Ilikuwa kweli, akarudi mikono mitupu.

Chumba cha kuamkia siku hiyo kilikuwa na mgonjwa mmoja mwingine, fundi saa mkongwe, mvuta sigara tangu ujana, mwembamba kama mshale wa dakika. Yeye alikuwa na chekundu chake, na mtungi wake, na barakoa usoni, na alikuwa akiutumia kila uzi wa oksijeni ile. Mtungi wa pembeni, ule wa kushirikiana, geji yake ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Mama mkwe aliletwa salama. Alifumbua macho, akauliza kama mawe yametunzwa, maana alitaka kuyaona, akaambiwa yapo kwenye kichupa. Akaridhika. Akalala. Kibanio cha kidoleni, kile kinachosoma oksijeni iliyomo kwenye damu, kilisoma tisini na tano.

Kisha akaanza kufikiri.

Fundi saa aligeuka kutazama dirishani, akidhani ni gari la taka. Mama Pumzi akasogea karibu. Kilichomtia hofu si ile sauti. Nyumbani aliizoea, na alijua kwamba kuna mahali katikati ya usiku inakatika, nyumba nzima inasubiri, halafu mama anashtuka kama aliyechomwa na sindano na kuanza upya. Sasa ilikatika. Akasubiri ule mshtuko. Dawa ya maumivu ilikuwa imeuficha. Kifua hakikupanda. Namba ikawa tisini. Ikawa themanini na sita.

Akampigia kelele mpagazi: mtungi, stoo, sasa hivi, na kama mtunza stoo hayupo avunje mlango! Akainua kichwa cha kitanda, akainua taya ya mama kwa vidole viwili, akaita, "Mama! Mama, vuta pumzi!" Mama akavuta moja ya uvivu, akazama tena. Akamfinya bega. Moja nyingine, fupi. Macho ya Mama Pumzi yakaenda kwenye mtungi wa fundi saa. Fundi saa akaona yalikokwenda, akaikamata barakoa yake kwa mikono yote miwili.

"Sista," akasema kutoka ndani ya barakoa, "hata usiwaze."

Na hakuwa na haki ya kuwaza. Yule naye alikuwa akiishi kwa huo huo.

Namba ilikuwa themanini na tatu. Mama Pumzi akainama sikioni mwa mwanamke ambaye hajawahi kumtazama machoni wakati wa ugomvi, wala kumwita kwa jina lingine zaidi ya mama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi korido:

"Wewe unakoroma!"

Macho yakafunguka.

"Nani?"

"Wewe! Unakoroma kama mashine ya kusaga!"

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, maana tusi kama lile halijibiwi kwa pumzi fupi. "Mwongo mkubwa wee."

Themanini na sita.

"Tunalala na pamba masikioni! Vikombe vimepata nyufa!"

"Nyufa... ulivileta vibovu. Vya bei rahisi."

Themanini na tisa. Daktari wa usingizi akaingia mbio, akatazama namba, akatazama nyuso, akaelewa haraka kuliko tulivyotazamia mtu mwenye adabu vile.

"Ni kweli, mama," akasema huku akimshikia taya. "Hata mimi nimekusikia. Nilidhani ni trekta limeegeshwa."

"Na wewe mtoto," akasema mama mkwe, "umefundishwa na nani... kusingizia watu wazima?"

Lakini tusi la mgeni halina uzito wa tusi la nyumbani. Kope zilianza kushuka tena, namba nazo zikazifuata. Wakati huo mlango ulifunguliwa nusu na fundi wa redio akachungulia, uso umemshuka.

"Mke wangu! Unamtukana mama?"

"Ingia," akasema Mama Pumzi. "Ingia umtukane na wewe."

"Mimi?"

"Mama yako anasahau kupumua. Akikasirika anakumbuka. Mwambie ukweli, sasa hivi, kabla hajalala."

Yule bwana alisimama miguuni mwa kitanda. Alitazama juu kutafuta feni. Chumba kile hakina feni.

"Sema!" mkewe akapiga kelele, maana namba ilikuwa inarudi kulekule.

"Mama," akasema. "Mama, unakoroma."

Mama mkwe akafumbua macho yote mawili.

"Unakoroma tangu niko darasa la pili. Nilipohamia kulala jikoni sikuwa naogopa popo, mama. Hapakuwa na popo. Na wala hufikiri. Sisi tunasema unafikiri, lakini hufikiri chochote."

"Mwanangu mimi!" Mama mkwe alijaribu kuinuka, mshono ukamrudisha chini, akavuta pumzi kubwa ya uchungu na hasira. "Mimi niliyekunyonyesha! Sifikiri?"

Tisini.

"Na baba alikuwa anasafiri sana kwa sababu..."

"Baba yako muache!" Tisini na moja. "Baba yako ndiye... alikuwa anakoroma! Mimi nilikuwa... namsindikiza tu!"

Fundi saa alicheka hadi kengele ya kibanio chake ikalia. Ndipo likasikika toroli koridoni, gurudumu lile likilia kama mbuzi, na nyuma yake mtunza stoo akija na spana mkononi na mdomo umejaa chakula. Mtungi ukafunguliwa, barakoa ikawekwa, daktari akapunguza dawa ya maumivu, na mama mkwe akaruhusiwa kulala akiwa ameketi nusu wima. Alilala akiwa amemwelekezea mwanawe kidole.

Namba iliposimama pazuri, daktari alivuta kiti akakaa karibu na Mama Pumzi.

"Ulijua?"

"Tangu niolewe."

Daktari akatikisa kichwa kidogo. "Mimi niliiona shingo nikafuata kitambaa. Tugawane hii, nusu kwa nusu." Kisha akaondoka, maana kulikuwa na mwingine mezani.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe akiwa amerudishwa wodini na mtungi wake pembeni, alifika mtu asiyetarajiwa: jirani, yule asiye na jenereta, na mfuko wa machungwa. Ugomvi ni ugomvi, lakini mwenzako akipasuliwa huwezi kukosa kwenda kuona walichomtoa. Akatazamishwa mawe kwenye kichupa, akayasifu. Akaelezwa yaliyotokea.

"Mlihangaika bure," akasema. "Mngekuja kuniuliza mimi. Nimehamisha kitanda mara mbili kwa ajili ya huyu. Mara ya pili nilimhamisha na mume."

Mama mkwe akainua barakoa kwa kidole kimoja.

"Ukuta wako bado umeingia kwangu," akasema, akairudisha.

Akamwita mkwewe kwa kidole hicho hicho. Mama Pumzi akasogea, amejiandaa kufukuzwa. Alikuwa ameshapanga hata maneno ya kuombea radhi.

"Yale uliyoniambia leo," mama mkwe akasema chini ya barakoa, "nitayajibu yote. Mshono ukikauka. Nyumbani kwangu. Uje."

"Nitakuja, mama."

"Uje na vikombe vipya."

Kesho yake, Jumatano, mvua ilikuwa imenyesha usiku na hewa ilikuwa nyepesi. Mama Pumzi aliingia kazini mapema, akaenda moja kwa moja kitanda cha dirishani na mkasi. Mama mkwe alitoa mkono bila kuambiwa. Kijani kikakatwa, chekundu kikafungwa miguuni mwa kitanda kwa fundo la kweli, na mama mkwe akalikagua fundo akasema linafaa. Treni akapiga makofi.

Kutoka hapo Mama Pumzi akaenda wodi ya wanaume. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu mwenye shingo nene, aliyekuwa apasuliwe ngiri Alhamisi. Mke, binti na kaka yake walikuwa wamejipanga pembeni ya kitanda, wameshavaa nyuso za heshima. Kabla hajawauliza lolote, mke alisema, "Baba huyu analala kama mtoto mchanga, sista. Kimya kabisa."

"Ahsante, mama," akasema Mama Pumzi. "Sasa nitajieni jirani mliyegombana naye."

Akavuta kiti, akakaa, akasubiri wamalize kutazamana.